Nyumba Isiyofungwa Mlango: Mwaka Mzima Katika Theluji ya Mlima wa Mtakatifu Bernardo



Wazee wetu husema: «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Kuna nyumba moja huko Ulaya ambamo neno hilo haliwezi kufuatwa, maana hapana udongo wa kulima. Kuna mawe, upepo na theluji tu. Mgeni akizuiwa huko siku mbili au siku sita kwa ajili ya dhoruba, hapewi jembe. Hupewa mkate, supu na kitanda, mpaka njia ionekane tena. Nyumba hiyo imepokea wasafiri tangu karibu mwaka 1050. Yafaa tujue jinsi mwaka unavyokwenda mahali pale, na gharama waliyolipa wale waliokubali kukaa huko.

Mahali penyewe

Kati ya Uswisi na Italia imesimama milima mirefu iitwayo Alpi. Mtu akitoka mji wa Martigny, upande wa Uswisi, naye ataka kufika Aosta, upande wa Italia, zamani hakuwa na budi kupanda mpaka penye mapito katikati ya vilele viwili. Mapito hayo yako mita 2,469 juu ya bahari. Waroma wa kale walipita hapo na majeshi yao, wakajenga hekalu la mungu wao Yupita, hata watu wakauita mlima ule Mlima wa Yupita. Siku hizi jina lake ni Grand-Saint-Bernard.

Ndugu zetu wa Beni na Mutwanga wameiona theluji kwa macho, kwa maana mawingu yakiondoka asubuhi vilele vya Ruwenzori hung'aa mbele yao. Lakini wasidhani ya kuwa mambo ni sawasawa. Ruwenzori iko karibu na ikweta. Jua lake halibadiliki sana mwaka mzima: mchana kuna joto kidogo, usiku kuna baridi kali, na kesho vile vile. Theluji hukaa juu kabisa, na watu hukaa chini. Hawakutani nayo ila wakipanda kuitafuta. Katika Alpi siyo hivyo. Huko mchana wenyewe hupungua mwezi kwa mwezi, mpaka Desemba jua linachungulia saa chache tu, nayo baridi huja na kukaa kama mwenye nyumba. Theluji hushuka mpaka mlangoni mwa watu.

Mwaka wa huko

Tuanze na mwezi wa Julai. Majani mafupi yanaota kati ya mawe, maua madogo yanafunguka, na ng'ombe wanapandishwa kutoka mabondeni. Ziwa dogo lililo karibu na nyumba linaonyesha maji yake. Walakini hata mchana joto ni mara chache kupita digrii 15, na katika Agosti yenyewe theluji yaweza kuanguka. Hiyo ndiyo kiangazi yao: miezi mitatu, basi.

Katikati ya Oktoba njia ya magari hufungwa. Ziwa huganda, nalo hukaa hali hiyo miezi minane na zaidi. Kuanzia Desemba mpaka Machi baridi yaweza kufika digrii 20 chini ya sifuri, na upepo huifanya iume zaidi. Theluji yote inayoanguka katika mwaka ikipimwa, hupita mita 10. Upepo huirundika penye kuta mpaka madirisha ya chini yafunikwe. Ukungu nao ukija, mtu hauoni mkono wake mwenyewe.

Aprili na Mei, huko chini Martigny miti imekwisha kuchanua. Juu ndiyo miezi ya hatari. Jua hulegeza theluji, nayo huporomoka yote pamoja kutoka mlimani na kumfunika aliye njiani. Mwezi wa Juni ndipo barabara hufunguliwa tena. Ukichukua joto la siku zote za mwaka na kuligawanya sawasawa, utapata karibu sifuri, yaani pale pale maji yanapoganda.

Hapana mti hata mmoja unaoota hapo. Zamani kuni zililetwa na nyumbu kutoka bonde la Ferret, mwendo wa saa nyingi. Tena, kwa kuwa mahali ni juu sana, maji huchemka yakiwa na digrii 92 hivi badala ya 100, hata nyama hukawia kuiva na kuni huliwa zaidi. Bakuli la supu alilopewa maskini wa njiani lilikuwa na jasho la watu wengi na wanyama wengi.

Mtakatifu Bernardo na watu wake

Je, kwa nini watu wakae mahali kama hapo? Jibu ni moja: kwa sababu wasafiri hupita.

Karibu na mwaka 1000, mahujaji, wachuuzi na maaskofu waliokwenda Roma walipita njia ile, na wengi hawakufika. Wengine waliuawa na baridi, wengine na wanyang'anyi. Mwaka 972 Mtakatifu Maiolo, abate wa Cluny, alikamatwa na Wasaraseni katika njia hiyo hiyo, akakombolewa kwa mali nyingi. Bernardo, arkidiakono wa Aosta, alijua habari za wale waliofika mjini wakiwa nusu wafu. Basi karibu na mwaka 1050 akajenga nyumba juu kabisa penye mapito, akaiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Nikola. Waliokabidhiwa nyumba hiyo ndio Wakanoniki wa kanuni ya Mtakatifu Agostino. Hao ni mapadri na mabradha wanaosali pamoja na kuwatumikia wageni. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, mchana wala usiku. Mgeni hakuulizwa kwanza kabila lake, dini yake, wala fedha yake.

Katika miezi ya baridi, kila asubuhi wengine walishuka upande wa Uswisi na wengine upande wa Italia, wakiwa na mkate, divai na fimbo ndefu za kuchoma theluji, kwenda kutafuta waliopotea. Tangu mwisho wa karne ya 17 walikuwa na mbwa wakubwa, wenye pua za kumsikia mtu aliyefunikwa. Mmoja, jina lake Barry, aliyeishi tangu 1800 mpaka 1814, husemwa aliokoa watu zaidi ya 40. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Bern. Lile pipa dogo la pombe ambalo wachoraji humfunga mbwa shingoni ni hadithi tu.

Hawakuwaokoa wote. Upande wa Uswisi kuna sehemu iitwayo Bonde la Wafu. Kwa kuwa ardhi ni mwamba na barafu, maiti nyingi hazikuweza kuzikwa. Ziliwekwa katika nyumba ndogo ya mawe, na ule upepo wa baridi ukazikausha, ili kama siku moja ndugu akija kumtafuta mtu wake, apate kumtambua. Nao Wakanoniki hawakuepuka. Walipanda wangali vijana wenye nguvu, na wengi baada ya miaka michache walishuka na kifua kibovu au viungo vilivyoharibika. Wengine theluji iliwafunika wakiwa kazini.

Mwezi wa Mei 1800 alipita Napoleon na askari wapata 40,000. Mizinga iliwekwa ndani ya magogo yaliyochimbwa, ikavutwa na watu juu ya theluji. Wakanoniki waliwagawia askari mkate, jibini na divai, kama walivyomgawia mchuuzi maskini. Tarehe 14 Juni jemadari Desaix akauawa vitani huko Marengo. Kaburi lake liko katika nyumba ile ile ya mlimani. Majeshi yalipita, nyumba ikabaki.

Mwaka 1817 mtaalamu wa Geneva, Marc-Auguste Pictet, aliwapa vyombo vya kupimia joto na hewa. Tangu siku hizo wakaandika kila siku hali ya baridi, upepo na theluji, bila kuacha. Hesabu hizo ni kati ya zile za kale kabisa zilizoandikwa mlimani. Leo wenye elimu huzitumia kujua jinsi dunia inavyopata joto: Uswisi imeongezeka zaidi ya digrii 2 tangu 1864. Padri aliyetoka nje asubuhi na taa mkononi kusoma kipimo hakujua kwamba anawaandikia watu wa karne nyingine.

Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye naye alipanda milima ya Alpi katika ujana wake, alimweka Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa watu wa milimani. Katika miaka ya 1930 Wakanoniki hao walikwenda mipakani mwa China na Tibeti, kuwasaidia wasafiri penye theluji ya huko. Kati yao alikuwa padri Maurice Tornay. Alifukuzwa katika parokia yake ya Yerkalo. Akajaribu kufika Lhasa kuwaombea Wakristu wake, akarudishwa, na tarehe 11 Agosti 1949 akauawa njiani, penye mapito ya Choula. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1993.

Je, kazi imekwisha?

Mwaka 1964 lilifunguliwa tundu refu chini ya mlima, na magari yakaanza kupita ndani yake hata wakati wa baridi. Mwaka 2005 mbwa walikabidhiwa kwa watunzaji wengine huko Martigny. Siku hizi hupanda wakati wa kiangazi tu. Mtu angeweza kusema: Basi, mapadri nao washuke, hapana tena mtu wa kuokoa.

Hawakushuka. Wamebaki, Oktoba mpaka Juni, na barabara imefungwa. Watu huwafikia kwa miguu au kwa mbao za kuteleza juu ya theluji, wengine wakitafuta mazoezi, wengine wakiwa na huzuni ambayo hakuna gari linaloweza kuipitisha chini ya mlima. Mlango uko wazi, na Misa Takatifu inasomwa.

Ndugu wasomaji, sisi nasi tuna majira yetu. Mvua ikizidi, njia huteleza, mto hujaa, na mgonjwa wa kilima cha pili angali anangoja. Mimi katekista nakiri mbele yenu kwamba siku za namna hiyo nimesema mara nyingi: «Nitakwenda kesho.» Mara moja nilikwenda kesho yake, nikakuta wanachimba kaburi.

Bwana Wetu Yesu Kristu, siku ya hukumu, atatuuliza habari za mgeni na mgonjwa. Hatatuuliza kama siku ile kulikuwa na jua. Wale wa mlimani walilijua hilo, wakajenga nyumba yao pale ambapo hali ya hewa ni mbaya kuliko pote. Mtakatifu Bernardo atuombee.