Fahamu Hatua za Saratani ya Matiti na Umuhimu wa Kuwahi Hospitali

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wengi nchini Tanzania, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huu duniani na takriban 670,000 walifariki dunia. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache.

Nchini, wagonjwa wengi hufika katika hospitali za rufaa ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa mwananchi wa Tunduma, Vwawa, Ileje au Momba, kuzielewa hatua hizi ni jambo la msingi, kwa kuwa hatua ndiyo huamua aina ya tiba, gharama, umbali wa safari na matumaini ya kupona.

Hatua hupangwaje?

Daktari huzingatia mambo makuu matatu: ukubwa wa uvimbe, iwapo ugonjwa umefika katika tezi za kwapani, na iwapo umesambaa katika viungo vingine. Hatua haiwezi kujulikana kwa kupapasa pekee. Huhitajika kipimo cha ultrasound au mamografia, kinyama kuchukuliwa kwenye uvimbe na kupimwa maabara, na wakati mwingine picha za kifua, ini na mifupa.

Hatua sifuri: Seli zisizo za kawaida zimo ndani ya mirija ya maziwa na hazijapenya nje yake. Mara nyingi hakuna dalili. Hugundulika kwa vipimo.

Hatua ya kwanza: Uvimbe hauzidi sentimita 2, karibu sawa na tunda la kahawa, na kwa kawaida haujafika kwenye tezi. Mara nyingi hauna maumivu, na hapo ndipo wengi hupuuza.

Hatua ya pili: Uvimbe una sentimita 2 hadi 5, au ni mdogo zaidi lakini umefika kwenye tezi chache za kwapani. Hata uvimbe unaozidi sentimita 5, yaani mkubwa kuliko ndimu, huweza kuwekwa hapa endapo tezi hazijaguswa.

Hatua ya tatu: Ugonjwa umeingia katika tezi nyingi au tezi zimeshikamana, au umefika kwenye ngozi ya titi au ukuta wa kifua. Titi huweza kuwa na kidonda, au ngozi kuwa kama ganda la chungwa. Mara nyingi mgonjwa huanza na dawa ili kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji, kisha hupewa tiba ya mionzi.

Hatua ya nne: Ugonjwa umesambaa hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Tiba hulenga kuudhibiti, kupunguza maumivu na kurefusha maisha. Mgonjwa wa hatua hii bado anastahili matibabu na hapaswi kuachwa nyumbani.

Dalili za kuzingatia

Mwananchi afike kituo cha afya akiona uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu kuzama ndani au kutoa damu, ngozi kubonyea, au titi moja kubadilika umbo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini ni vipimo pekee vinavyoweza kuthibitisha. Mama anayenyonyesha aliyetibiwa jipu la titi bila kupata nafuu arudi kituoni mapema, asisubiri mtoto aachishwe ziwa.

Njia ya huduma

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe. Ikibidi, mgonjwa huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Mgonjwa atunze barua ya rufaa na majibu yote ya vipimo, kwani kuyapoteza huweza kumlazimu kupimwa upya.

WHO inahimiza uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Mfanyabiashara wa mpakani anayeahirisha hadi msimu upite, au mgonjwa anayeanza na dawa za kienyeji kwa miezi kadhaa, anaweza kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu bila kuhisi maumivu yoyote.

Wananchi wanahimizwa kuchunguza matiti yao kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, na kumwona mtaalamu wa afya mara waonapo mabadiliko. Waume na ndugu nao wanaombwa kuwaunga mkono wagonjwa kwa nauli, muda na faraja ili wakamilishe matibabu.