Tusker Project Fame

Tusker Project Fame ni shindano la uimbaji la televisheni lililowashirikisha vijana wa nchi za Afrika Mashariki. Lilianza Nairobi, Kenya, mwaka 2006, na msimu wake wa sita ulifanyika mwaka 2013.

Utaratibu. Washiriki waliishi pamoja katika nyumba moja na kufunzwa sauti na uchezaji jukwaani. Kila wiki waliimba mbele ya majaji, wakiwemo Ian Mbugua wa Kenya na mwimbaji Juliana Kanyomozi wa Uganda, huku watazamaji wakipiga kura kwa simu.

Washindi. Valerie Kimani wa Kenya (2006), Esther Nabaasa wa Uganda (2008), Alpha Rwirangira wa Rwanda (2009), Davis Ntare wa Uganda (2010), Ruth Matete wa Kenya (2012) na Hope Irakoze wa Burundi (2013).

Matukio ya kukumbukwa. Mwaka 2010 Peter Msechu wa Tanzania alishika nafasi ya pili. Ushindi wa Rwirangira na Irakoze ulizipa heshima Rwanda na Burundi, na kudhihirisha kwamba kipaji cha nchi ndogo kinaweza kutamba kanda nzima.