Swali Kabla ya Jibu: Chara na Utungaji wa Nadharia Tete katika Sayansi ya Siasa

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza jinsi swali la utafiti wa siasa linavyotungwa na jinsi nadharia tete, yaani jibu la muda linaloweza kukanushwa na ushahidi, inavyopimwa. Mfano wetu ni Chara na vijiji jirani vya delta ya mto Tana, katika eneo la Garsen. Huko Wapokomo hulima kwa kufuata mafuriko ya mto, nao Waorma na Wawardei huteremsha mifugo wakati wa kiangazi kutafuta maji na malisho.

Swali lililozoeleka ni hili: kwa nini wakulima na wafugaji hupigana? Kasoro yake ya kwanza ni ya lugha. Kiambishi hu- kinavifanya vita kuwa desturi, ilhali jirani hao wana pia historia ndefu ya kuuziana nafaka na maziwa na kuachiana malka, yaani njia za mifugo kufikia mto. Aulizaye hivyo amekwisha kujijibu. Swali lifaalo huulizia tofauti: kwa nini mauaji makubwa yalitokea mwaka 2001, kisha 2012, wala si kila mwaka wa kiangazi kikali?

Nadharia tete ya kwanza ni ya uhaba, nayo inategemea nadharia iliyoenezwa na Thomas Homer-Dixon katika miaka ya 1990. Lakini ukame mkubwa wa Pembe ya Afrika ulifikia kilele mwaka 2011. Riketa ilishambuliwa tarehe 22 Agosti 2012, wakauawa watu zaidi ya 50. Uhaba peke yake hautoshi.

Ya pili ni ya uchaguzi. Mauaji hayo yaliendelea hadi Januari 2013, na uchaguzi wa kwanza wa kaunti 47 zilizoundwa na Katiba ya 2010 ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Hoja hii ina nguvu, ila haielezi mwaka 2001, kwani chaguzi kuu zilikuwa 1997 na 2002.

Ya tatu ni kwamba hatari huja kanuni za umiliki zinapobadilishwa. Jean Ensminger, katika kitabu chake cha 1992 juu ya Waorma, alionyesha kuwa kanuni hizo huzaliwa na mivutano ya maslahi. Mzozo wa 2001 ulihusiana na upimaji na ugawaji wa ardhi. Ule wa 2012 ulikuja mamlaka ya kaunti yakigombewa.

Hata hivyo, mwaka 2008 mpango wa mashamba makubwa ya miwa ulitishia ardhi ya delta, wala hapakutokea mauaji ya kiasi kile. Basi hapana budi kuirekebisha nadharia tete: si kila badiliko la kanuni huleta hatari, bali lile linalomfanya jirani mmoja apate anachopoteza mwenzake. Ikipatikana nyakati za badiliko la namna hiyo zilizopita kwa amani, nayo itakuwa na upungufu.

Suala hili si la wanazuoni tu. Aaminiye kuwa vita ni desturi atapeleka askari baada ya maziko. Aonaye kuwa kiini ni kanuni atataka malka zikubaliwe na pande zote kabla mpima ardhi hajafika.