Unité d'Habitation
Jengo la makazi la ghorofa 18 mjini Marseille, Ufaransa, lililobuniwa na Le Corbusier na kujengwa kwa zege kati ya 1947 na 1952. Lina nyumba 337. Uzuri wake huonekana vyema ukilisogelea: zege halikupigwa plasta, na mbao zilizolishikilia lilipomwagwa zimeacha alama za nyuzi na vifundo vyake ukutani. Ustadi mkubwa zaidi umo ndani. Korido hupatikana kila baada ya ghorofa tatu, hivyo nyumba nyingi zina ngazi zake na hupenya jengo upande hadi upande, zikapata jua la asubuhi na la jioni. Paani kuna kidimbwi cha watoto. Wenyeji waliliita nyumba ya mwendawazimu. Mwaka 2016 UNESCO ililiorodhesha katika Urithi wa Dunia, heshima liliyostahili.