Ujifunzaji wa mtandaoni katika elimu masafa: mitazamo ya walimu na wanafunzi

Ujifunzaji wa mtandaoni katika elimu masafa ni utoaji wa masomo, mijadala na majaribio kwa njia ya intaneti kwa mwanafunzi aliye mbali na chuo. Nchini Tanzania suala hili linakihusu zaidi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Makao yake yako Dar es Salaam, na wanafunzi huhudumiwa kupitia vituo vya mikoa, vikiwemo vya Mbeya na Iringa.

Elimu masafa ni kongwe kuliko intaneti. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikifundisha kwa njia ya posta. Mtandao ulipata nguvu baada ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM (2009) na EASSy (2010) kufika nchini, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuunganisha mikoa. Masomo yakahamia kwenye mifumo ya kujifunzia mtandaoni kama Moodle.

Mtazamo wa mwanafunzi hutegemea sana mahali alipo. Makongolosi ni mji wa wachimbaji dhahabu wilayani Chunya, kilomita zipatazo 110 kwa barabara kutoka Mbeya mjini. Kwa mwalimu wa shule ya msingi anayeishi katika mji kama huo, faida kubwa ni kusoma bila kuacha kazi wala familia, na bila kulipa pango mjini. Hufundisha mchana, akafungua somo usiku. Lakini usiku huohuo bando huisha katikati ya video, mtandao hushuka, au umeme hukatika siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Wengi hutumia simu janja, na kuandika insha ya kurasa kumi kwenye kioo cha simu ni kazi ya kuchosha kweli.

Ndiyo maana vikundi vya WhatsApp hupendwa kuliko jukwaa rasmi la mijadala. Mmoja hupakua moduli akiwa mjini, akairusha kwa wenzake. Ikishaingia kwenye simu husomwa bila gharama nyingine. Mhadhiri anayeangalia jukwaa rasmi peke yake huona ukimya, akadhani wanafunzi hawasomi, kumbe mjadala unaendelea kwingine. Hukumu hiyo huwaonea wanafunzi.

Wahadhiri nao wana hoja nzito. Kuandaa moduli nzuri ya mtandaoni huchukua muda mrefu kuliko kuandaa mhadhara, na maswali ya wanafunzi hayana saa za kazi. Uhalisi wa kazi za wanafunzi ni hofu nyingine, iliyozidi tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoweza kuandika insha, ilipotoka Novemba 2022. Kwa sababu hiyo, mtihani unaosimamiwa ana kwa ana kituoni bado unaaminiwa kuliko jaribio la mtandaoni.

Watafiti huichambua mitazamo hii hasa kwa nadharia mbili. Fred Davis (1989) alieleza kwamba mtu hukubali teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Michael Moore alisisitiza kwamba umbali hasa ni pengo la mawasiliano na uelewano kati ya mwalimu na mwanafunzi, wala si kilomita peke yake. Kwa Nyanda za Juu Kusini, ziliko Mbeya na Iringa, nadharia ya Davis inahitaji nyongeza: gharama. Mwanafunzi anaweza kuridhika kwamba mfumo ni mzuri na mwepesi, asiufungue kwa kukosa fedha za bando. Moore naye anasaidia kueleza kwa nini jibu la haraka la mhadhiri, hata la mistari miwili, hubadili mtazamo wa mwanafunzi zaidi kuliko video iliyopambwa.

Pande zote mbili kwa kawaida huunga mkono mfumo mseto: maandishi mepesi yanayopakulika, mikutano michache ya ana kwa ana katika kituo cha mkoa, na mtandao kwa mawasiliano ya kila siku. Masomo yenye vitendo hayana njia nyingine: majaribio ya sayansi hufanyika maabara, na mazoezi ya kufundisha hufanyika shuleni, mbele ya wanafunzi na msimamizi.