Mkutano wa Kikanda wa Chama cha Kitaaluma: Upangaji Wake

Mkutano wa kikanda ni mkutano unaoitishwa na chama cha wanataaluma kwa ajili ya wanachama wa sehemu moja ya eneo lake, tofauti na kongamano kuu linalowaita wote. American Mathematical Society, chama cha wanahisabati kilichoanza New York mwaka 1888, kina kanda nne, na kila moja hukutana kwa wakati wake. Chama cha wanafalsafa wa huko huko Marekani kina matawi matatu: la mashariki, la kati na la Pasifiki. Afrika Mashariki vyama ni vidogo zaidi, hivyo mara nyingi mkutano wa kikanda ndio kongamano lenyewe. Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki, CHAKAMA, huwakutanisha walimu na watafiti wa nchi kadhaa chini ya paa la chuo mwenyeji. Kamati andalizi nyingi huanza na mada kuu, kisha hutafuta ukumbi, halafu hukubali tarehe ambayo ukumbi uko wazi. Makala haya yanashikilia kwamba utaratibu huo umepinduka. Mahali na tarehe ndivyo vinavyoamua nani atafika, na waliofika ndio watakaoamua taaluma ishike njia ipi.

Historia ya Kiswahili chenyewe inatoa ushahidi. Mwezi Juni 1928 wawakilishi wa makoloni ya Waingereza walikutana Mombasa, pamoja na Carl Meinhof, bingwa wa Kijerumani wa lugha za Kibantu, wakakubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya mji uleule waliokutania, yenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kukutana Mombasa hakukuisaidia lahaja ya Mombasa, mahali pana maana gani? Swali hilo ni zito. Jibu lake ni kwamba mahali peke yake hapatoshi. Wengi wa waliokaa mezani walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari. Malenga wa Mombasa walikuwa majirani wa mkutano, si wajumbe wake. Kamati ya Lugha iliyotokana na juhudi hizo, iliyoanza kazi Januari 1, 1930, nayo haikuwa na mjumbe Mwafrika katika miaka yake ya mwanzo. Kwa hiyo mkutano ukipelekwa mji fulani, wanataaluma wa mji huo waingie katika kamati andalizi, wahakiki ikisiri na kuongoza vikao. Kuwapa kazi ya kupokea wageni na kupanga viti tu ni kurudia kosa la 1928.

Leo kizuizi kikubwa ni nauli na mpaka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, ilhali anayekwenda Dar es Salaam anahitaji hati ya kusafiria. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi Januari 2022. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mkutano wa Kigali katika hali kama hiyo unamtaka mhadhiri wa Bujumbura, ambaye angefika kwa basi la siku moja, azunguke kupitia Tanzania au apande ndege. Ramani haimwambii mpangaji habari hiyo. Lazima aulize wanachama wenyewe kabla ya kuamua. Kipimo kinachofaa ni mwanachama anayejilipia kutoka mfukoni: mhadhiri msaidizi, mwanafunzi wa uzamili, mwalimu wa sekondari aliyeomba ruhusa ya siku tatu. Hao ndio wanaonufaika wanahisabati wa Marekani wanapofanya mikutano ya kanda vyuoni mwishoni mwa wiki, mahali ambapo wengi hufika kwa gari na kuwahi vipindi vya Jumatatu. Kwetu, hosteli za chuo wakati wa likizo na chakula cha kantini vinaweza kuwaleta watu wengi kuliko hoteli ya ufukweni yenye mabango mazuri.

Wapo wanaosema kuhamahama kwa mkutano kunapoteza kumbukumbu: kila mwenyeji anaanza upya, orodha za wanachama zinapotea, makala yaliyowasilishwa hayachapishwi. Wanapendekeza kituo kimoja cha kudumu. Malalamiko yao ni ya kweli, ila dawa wanayotoa si yenyewe. Ofisi ya Kamati ya Lugha ilikaa Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, kisha ikarudi Dar es Salaam. Hata hivyo jarida lake, lililoanza mwaka 1930, lilivuka mahamisho hayo yote, na leo linatolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la Kiswahili. Lililoliokoa ni mhariri na kumbukumbu zilizoandikwa. Basi sekretarieti ya chama, akaunti ya benki na orodha ya wanachama vikae mahali pamoja. Mkutano wenyewe ndio uzunguke.

Wengine wanauliza kwa nini tusafiri kabisa, iwapo tangu mwaka 2020 vyama vingi vimekutana kwa mtandao. Mtandao umewafungulia mlango wengi, na kuufunga tena kungekuwa dhuluma kwa mlemavu, kwa mama mwenye mtoto mchanga na kwa aliyenyimwa viza. Lakini kijana anayetafuta msimamizi wa tasnifu hampati katika wasilisho la dakika 15. Humpata kwenye chai ya saa nne, mtu aliyeuliza swali anapomfuata na kumwambia amtumie sura ya kwanza. Mtandao umsaidie asiyeweza kufika, usiwe kisingizio cha kuchagua mahali pasipofikika.

Kuna pia hofu ya ubora: ukirahisisha kuja, utapokea ikisiri dhaifu. Hofu hii inachanganya kufika na kuwasilisha. Ratiba ya kikao cha dakika 90 iliyobeba mawasilisho saba inampa kila mtu chini ya dakika 13, bila swali hata moja. Mwenyekiti anainua kikaratasi cha "dakika 2" msemaji akiwa bado kwenye utangulizi. Mawasilisho manne ya dakika 15 yanaacha nusu saa nzima ya mjadala. Uhakiki uwe mkali, na ukumbi uwe wazi kwa wasikilizaji. Shida ni kwamba vyuo vingi havimlipii nauli asiyewasilisha, na ndiyo maana kamati hujaza ratiba. Chama kinaweza kulitatua hilo kwa kuwapa wajadili na wenyeviti wa vikao barua za mwaliko zenye uzito uleule wa zile za wawasilishaji.

Tarehe hupuuzwa kuliko mahali, ingawa inafukuza watu vilevile. Modern Language Association ya Marekani ilizoea kukutana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, hadi ilipohamia Januari kuanzia mwaka 2011. Tawi la mashariki la wanafalsafa lilifanya hivyo mwaka 2016. Afrika Mashariki mpangaji ana mengi zaidi ya kuangalia. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, mihula ya vyuo hailingani baina ya nchi na nchi, na vyumba vya Zanzibar hupanda bei Julai, Agosti na Desemba. Kisha kuna uchaguzi. Katiba ya Kenya inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwaka 2022 kura zilipigwa Agosti 9, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ukatolewa Septemba 5. Mwaka 2027 siku hiyo ni Agosti 10. Kamati zinazofikiria kukutana Kenya mwaka huo ziiache Agosti yote na wiki ya kwanza ya Septemba.