Kopo la Babu

Babu yangu hakuwa mtu wa kutupa kipisi. Akikizima, anakichomeka sikioni au anakitia kwenye kopo la dawa ya viatu, jioni anakimalizia. Sigara zile hazikuwa na kichungi, zilikwisha zote.

Miaka ya 1950, hofu ya saratani ilipoingia, vichungi vikaenea duniani. Kumbe ni plastiki! Havivutiki, havioi upesi, vikajaa njiani.

Wajapani wakatengeneza kifuko cha mfukoni chenye karatasi ya aluminiamu ndani, ukikibana moto unakosa hewa. Lakini mwaka 2002 Chiyoda, jijini Tokyo, ilibidi waanze kutoza faini wavutao barabarani.

Kopo halikumwokoa Babu na kikohozi. Ila uwanja wetu ulikuwa safi. Yeye alilazimishwa na ufukara. Sisi tunangoja faini?